Kijana fundi wa boti, pima kipima koili kabla ya kukiamini

Hebu fikiria uko nje ya mwamba, kusi imeanza kuchafua bahari, na mashine ya boti imezima. Unavuta kamba mara moja, mara mbili, mara kumi. Wapi! Unaiacha ipoe dakika ishirini, unavuta tena, inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Hujapumua vizuri, imezima tena.

Ukirudi pwani, fundi anakwambia, "Koili imekufa, leta pesa ya nyingine." Swali ni hili: amejuaje? Mara nyingi hajui, amebahatisha tu. Na koili ya mashine ya zamani si kitu cha kubahatisha. Haipatikani kila duka, na bei yake inauma.

Kama unajifunza kazi hii, kuna chombo cha kizamani kinachoweza kukutoa kwenye kubahatisha: kipima koili. Ni kisanduku chenye mshale, kitufe cha kuzungusha, nyaya kadhaa na kidirisha ambamo cheche huruka. Vilitengenezwa Marekani kwa majina kama Merc-O-Tronic na Graham, enzi ambazo mashine za Johnson, Evinrude na Mercury zilitumia sumaku na pointi. Ukikikuta kwenye vyuma kuukuu, usikipite.

Lakini mbona usitumie multimita tu? Ndani ya koili kuna nyaya mbili. Moja ni nene yenye mizunguko michache, nyingine ni nyembamba kama unywele yenye maelfu ya mizunguko. Sumaku za flaiwili zikipita, pointi hufunguka na umeme mdogo hugeuka kuwa maelfu ya volti. Multimita hupima kwa betri ndogo. Itakuonyesha waya uliokatika, lakini haitaonyesha ufa ambao umeme mkali unavujia. Kipima koili huifanyisha koili kazi yenyewe.

Anza na chombo chenyewe

Hapa ndipo wengi huharibu. Kabla hujachomeka popote, soma kibao cha nyuma. Vipima vinavyotumia umeme wa ukutani huko Marekani vimeundwa kwa volti 110 hadi 120. Soketi zetu zina 240. Ukichomeka moja kwa moja utasikia harufu ya moshi, na hapo mchezo umekwisha. Tafuta transfoma ya kupunguza umeme.

Kama ni cha betri, fungua sehemu ya betri. Ukikuta unga mweupe au kijani, betri zilivuja. Safisha vishikio kwa siki kidogo, ukaushe, kisha piga msasa mwepesi. Kagua nyaya pia: mpira wa miaka hamsini hupasuka ukiukunja, na waya ulio wazi utakupiga shoti. Badilisha kwa waya wenye ganda la kuhimili umeme mkali. Mwisho, hakikisha mshale umelala kwenye sifuri.

Kisha pima koili unayojua ni nzima. Ikiwa koili nzima haitoi cheche, ugonjwa uko kwenye kisanduku, si kwenye mashine ya mteja. Iweke koili hiyo kwenye kabati, iwe shahidi wako kila siku.

Sasa pima koili

Kwanza iangalie kwa macho. Plastiki iliyopasuka ni dalili mbaya, na koili nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina nyufa. Chomoa waya wake kutoka kwa pointi na kondensa, la sivyo utapima vitu vitatu kwa pamoja.

Unganisha nyaya, kisha zungusha kitufe polepole kuanzia sifuri. Cheche ikianza kuruka bila kukatika, soma ampea na ulinganishe na jedwali la koili hiyo. Huna jedwali? Linganisha na koili nzima ya aina ileile. Cheche ya buluu inayolia "ta! ta!" ni ya afya. Ya manjano, nyembamba na inayosita, ishuku. Usizidishe ampea ili tu ilazimike kuruka, maana utaiua koili uliyotaka kuiponya.

Halafu pitisha ncha ya kupimia juu ya ganda la koili kwa sekunde chache. Cheche kali ikitoka ubavuni, umeme unavuja hapo.

Je, ile inayozima ikipata joto? Ipime baridi, iweke juani au uipashe kwa mashine ya kukausha nywele, kisha pima tena. Ikikataa ikiwa moto, umemkamata mwizi.

Ikifaulu vipimo vyote, usiiuze lawama. Geukia kondensa, kisha pointi: zisafishe na upime mwanya. Mashine nyingi za zamani za Johnson na Evinrude hutaka karibu milimita 0.5. Lakini mashine zenye kisanduku cha CDI usizipime kwa mtindo huu, zina vipimo vyake.

Na tahadhari: weka petroli mbali, kausha mikono, usishike waya wa plagi kazi ikiendelea. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asikaribie kabisa.

Mteja wako hataona ampea wala mshale. Ataondoka na neno lako tu: "Iko sawa, nenda." Neno hilo ndilo atakalolitegemea akiwa nje ya mwamba jua likizama. Hakikisha umelipima kabla ya kulitoa.