JFK walifunga njia miezi minne. JKIA je?

Ukipanda ile ndege ya KQ ya moja kwa moja hadi New York, unatua JFK. Pale kuna njia nne za ndege, na ile ndefu zaidi, kilomita 4.4, ilikuwa imechoka kabisa. Mwaka 2010 waliifunga miezi minne, Machi hadi Juni, kabla ya msongamano wa kiangazi. Mashirika yakapunguza safari, njia tatu zikabeba mzigo.

Waliacha lami wakamwaga zege. Ghali, ndio, lakini walipiga hesabu: lami miaka 8 hivi, zege 40.

Sasa geuza macho Embakasi. JKIA tuna njia moja tu, tangu 1958. Lami unaweza kuikwangua na kuimwaga usiku, asubuhi ndege zitue. Zege la kawaida halina haraka hiyo. Linataka siku kadhaa likomae kabla ya kubebeshwa ndege ya tani 200. Siku hizo zote abiria utawapeleka wapi, Mombasa? Kwa hivyo ukisikia watu wakibishana kuhusu njia ya pili, waulize pia: bila hiyo, ya kwanza itafungwa lini itengenezwe?