Vali ya Pili: Mgonjwa na Mpasuaji Wanapoamua Pamoja

Usiku, ngurumo ya ndege inapotulia juu ya mapaa ya Kipawa, mtu aliyewekewa moyoni vali ya kaboni huweza kuisikia ikigonga kwa kila pigo la moyo, mfano wa saa ya ukutani. Alalaye kando yake naye huweza kuisikia. Wapo wagonjwa wanaosema kwamba sauti hiyo huwakera, na wapo wanaosema kwamba huwafariji. Aliyewekewa vali iliyotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au ya nguruwe hasikii kitu. Moyo wake hupiga kimya kama wa jirani yake. Lakini vali hiyo ya kimya huchakaa, na siku hufika ambapo mwenyewe huelezwa kwamba kifua chake hakina budi kufunguliwa tena.

Makala haya yanahusu uamuzi wa siku hiyo, na sababu zinazofanya daktari asiweze kuufikia peke yake hata awe bingwa wa kiasi gani.

Moyo una vali nne. Wagonjwa wengi huziita milango ya moyo, na jina hilo linafaa kabisa, kwani kazi yake ni kuiruhusu damu ipite upande mmoja na kuizuia isirudi. Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku; hivyo katika miaka 10 mlango mmoja hufunguka na kufungika zaidi ya mara milioni 360. Mlango ukiwa mwembamba mno, damu hurundikana nyuma yake. Usipofunga sawasawa, damu hurudi ilikotoka. Katika hali zote mbili pumzi hukatika, miguu huvimba, na kupanda ngazi chache huwa kama safari ndefu.

Katika nchi za Ulaya wagonjwa wengi wa vali ni wazee, ambao milango yao imekakamaa kwa umri. Katika Afrika Mashariki sivyo. Huku chanzo kikubwa ni homa ya baridi yabisi. Mtoto, aghalabu wa miaka 5 hadi 15, huumwa koo kutokana na bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A. Koo hupona. Wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili, ambayo imekwisha kujifunza kumshambulia bakteria huyo, huzishambulia pia tishu za mwili wenyewe zinazofanana naye, zikiwemo vali za moyo. Shambulio likirudiwa mara kadhaa, vali hubaki na makovu. Utafiti mkubwa uliofanywa kati ya mwaka 2010 na 2012 katika nchi 12 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, pamoja na India na Yemen, ulichunguza wagonjwa 3,343 wa maradhi haya. Nusu yao hawakuzidi umri wa miaka 28, na takriban theluthi mbili walikuwa wanawake. Ujana huo na jinsia hiyo ndivyo vinavyoufanya uamuzi wa vali kuwa mgumu huku kuliko ulivyo Ulaya.

Upasuaji wa ndani ya moyo uliwezekana baada ya John Gibbon wa Marekani kutumia kwa mafanikio, mwaka 1953, mtambo unaoshika kazi ya moyo na mapafu. Mwaka 1960 Albert Starr, mpasuaji, alitumia vali aliyoibuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards, akaiweka mahali pa vali ya mitrali, yaani ile iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto. Ilikuwa tufe dogo ndani ya kizimba cha chuma. Mwaka 1977 ikaja vali ya visahani viwili vya kaboni, ambayo muundo wake ungali ukitumiwa mno. Wakati huohuo, huko Ufaransa, Alain Carpentier alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba tishu ya mnyama ikitiwa katika kemikali iitwayo glutaraldehidi hudumu zaidi katika mwili wa binadamu. Tanzania ilianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India. Tangu mwaka 2015 kazi hiyo imekuwa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyopo hapo hapo Upanga.

Vali ya kaboni haichakai upesi, pengine haichakai kabisa katika uhai wa mtu. Ila damu hupenda kugandana juu yake. Bonge la damu likikwama kati ya visahani, mlango hukwama. Likichomoka na kufika kwenye ubongo, huleta kiharusi. Kwa sababu hiyo mwenye vali ya kaboni hana budi kumeza vidonge vya wafarini kila siku maisha yake yote. (Dawa hii ina asili ya kustaajabisha: ilitokana na uchunguzi wa ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini waliokufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani yaliyovunda, na ilipoingia sokoni mwaka 1948 iliuzwa kuwa sumu ya panya.) Ikizidi, damu hutoka isikome. Ikipungua, damu huganda. Kipimo kiitwacho INR ndicho kinachoonyesha mizani hiyo. Kwa mtu asiyetumia dawa huwa takriban 1; kwa mwenye vali ya kaboni mahali pa mitrali hutakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Mizani hiyo huvurugwa na dawa nyingine na pia na chakula, kwani kisamvu, matembele na mchicha vina vitamini K, ambayo hupinga kazi ya wafarini. Mgonjwa hakatazwi mboga hizo. Hutakiwa kula kiasi kilekile wiki hata wiki. Katika utafiti uliotajwa hapo juu, miongoni mwa waliotumia dawa za namna hiyo, ni kama 28 tu katika kila 100 waliokutwa na kipimo kinachotakiwa. Dawa mpya zisizohitaji kupimwa mara kwa mara hazijaleta ukombozi: jaribio la dabigatrani kwa wenye vali za kaboni, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa lilileta mabonge mengi zaidi na damu nyingi zaidi kuliko wafarini.

Sasa achukuliwe mama wa kubuni, mwenye umri wa miaka 31, mkazi wa Kipawa. Hakuna mtu mmoja aliye huyu, lakini kila jambo lililompata huwapata wengi. Alipokuwa na miaka 22 aliwekewa vali ya tishu ya ng'ombe mahali pa mitrali. Alitaka kuzaa, na wafarini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba. Akazaa watoto wawili salama. Sasa miguu imeanza kuvimba tena, na kipimo cha eko kinaonyesha kwamba vali imekakamaa kwa kalisiamu, kama bomba la maji ya chumvi linavyoziba. Hiyo si ajali. Mwili wa kijana huitumia kalisiamu kwa kasi kuliko wa mzee, na vali ambayo ingemfaa mtu wa miaka 70 kwa miaka 15 au zaidi huweza kuharibika kabla ya miaka 10 kwa msichana. Upasuaji wa pili, kwa hiyo, ulikwisha kuamuliwa nusu yake siku ya upasuaji wa kwanza. Mgonjwa aliyeelezwa hayo wakati ule huipokea habari kwa namna tofauti kabisa na yule anayeisikia kwa mara ya kwanza akiwa tayari hapati pumzi.

Mpasuaji anajua jambo ambalo mama huyu hawezi kulijua. Mara ya kwanza palikuwa na nafasi nyuma ya mfupa wa kidari, na moyo ulikuwa ndani ya ala yake. Baada ya kupona, sehemu hizo hushikamana kwa makovu: ventrikali ya kulia, mshipa mkubwa wa aota na mfupa wenyewe huweza kuwa kama karatasi zilizotiwa gundi. Msumeno unaoukata mfupa ukizama kupita kiasi huupasua moyo. Ndiyo maana picha za CT hupigwa kwanza ili umbali upimwe, na mara nyingine mishipa ya paja huandaliwa ili mtambo wa moyo na mapafu uunganishwe kabla kifua hakijafunguliwa. Kisha makovu hukatwa kidogo kidogo. Saa huongezeka, damu inayohitajika huongezeka, na ndugu huombwa kuchangia chupa zaidi.

Tena mpasuaji anahitaji kujua ni vali gani iliyomo. Anayewekewa vali hupewa kadi yenye aina, ukubwa na namba yake. Ni kadi ndogo tu, na watu huhama. Familia nyingi za Kipawa zilihamishwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege. Vitu vingi hupotea katika kuhama. Kwa aliyepasuliwa India, faili lenye maelezo ya upasuaji wake liko ng'ambo ya bahari.

Ipo njia nyingine, ambayo mizizi yake ni kazi ya Alain Cribier aliyepitisha vali kwa katheta katika mji wa Rouen mwaka 2002. Kwa njia hiyo vali mpya huweza kuwekwa ndani ya vali ya tishu iliyochakaa bila kufungua kifua. Lakini vali hizo ni ghali mno, na kila moja inapoingizwa ndani ya nyingine njia ya damu huzidi kuwa nyembamba. Kwa mtu wa miaka 31 hilo si jambo dogo.

Na mama naye anayajua mambo ambayo mpasuaji hawezi kuyajua. Je, anataka mtoto wa tatu? Je, mumewe na wakwe zake wanataka, na sauti yao ina uzito gani nyumbani? Je, hedhi yake ni nzito, kwani wafarini huweza kuizidisha? Kazi yake ni ya visu na moto, au ya kukaa? Ataweza kupata nauli ya kwenda kupimwa kila mwezi, na mara nyingine kila wiki? Hapa mahali anapoishi mtu huingia katika hesabu za kitabibu. Hospitali ya Dar Group, iliyo karibu na TAZARA, iliwekwa chini ya Taasisi ya Moyo mwaka 2022, na kwa anayetoka Kipawa kwa daladala ni karibu kuliko Upanga. Majibu ya maswali kama haya ni vipimo sawa na vile vya eko. Tofauti yake ni kwamba hakuna mashine inayoweza kuyatoa. Hayana budi kusemwa na mwenyewe.

Ugumu mwingine ni wa hesabu. Tuseme upasuaji wa kurudia una hatari ya kuwaua wagonjwa 5 katika kila 100, na tuseme vali ya kaboni, pamoja na dawa yake, huwaletea wagonjwa 2 katika kila 100 kila mwaka bonge au utokaji wa damu ulio mbaya. Tarakimu hizo ni za mfano. Halisi hutofautiana kwa kila mgonjwa. Kwa haraka mtu atasema 2 ni ndogo kuliko 5. Lakini hatari ya kila mwaka hujirudia. Wanaosalimika mwaka wa kwanza ni 0.98, mwaka wa pili ni 0.98 mara 0.98, na baada ya miaka 20 ni 0.98 kwa kipeo cha 20, ambayo ni takriban 0.67. Maana yake watu 33 katika 100 watakuwa wamepatwa. Hata hivyo kupatwa si kufa, na hatari iliyogawanyika katika miaka 20 si sawa na hatari iliyokusanywa katika asubuhi moja. Yupo mtu ambaye angeliendea jambo zito siku moja akamaliza. Yupo ambaye ana watoto wadogo na angetoa chochote ili asubuhi hiyo icheleweshwe. Hisabati huonyesha ukubwa wa kila upande. Haisemi mtu apende upi.

Mara nyingi daktari akimaliza kueleza hayo yote, mgonjwa hujibu kwa heshima: wewe ndiye mtaalamu, daktari, fanya unaloona linafaa. Jibu hilo ni zuri kwa adabu, lakini si uamuzi, na mpasuaji anayelipokea upesi amejipunguzia kazi. Njia iliyo bora ni kumwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia, kumpa siku kadhaa, na kumwita arudi na mume, dada au mjomba, yeyote atakayekuwa naye miaka 10 ijayo wakati vidonge vitakapokwisha. Sahihi katika fomu hufuata baadaye. Siku hizo kadhaa hupatikana tu kwa anayekuja mapema. Upasuaji wa pili uliopangwa, mgonjwa akiwa bado anatembea, ni tofauti sana na ule wa dharura, vali ikiwa imekwama au imeshambuliwa na bakteria na figo zimeanza kulegea. Hatari ya huo wa dharura ni kubwa mara nyingi zaidi, na ndani yake hakuna nafasi ya mazungumzo.

Mama wa Kipawa, katika mfano huu, anachagua vali ya kaboni. Watoto wawili wanamtosha, kipimo kiko karibu, na hataki msumeno mara ya tatu. Kitanda cha pili amelala mwanamke wa umri uleule, mwenye eko inayofanana na yake karibu kila tarakimu. Yeye anatoka kijiji cha Katavi ambako kwenda kupimwa INR ni safari ya siku nzima wakati wa kiangazi, na wakati wa masika njia haipitiki. Tena hajapata mtoto. Anachagua tishu, akijua fika kwamba atafunguliwa mara ya tatu, na anaomba kadi yake itolewe nakala mbili: moja akae nayo, nyingine aiache kwa dada yake aishiye Dar es Salaam.