Almasi Isipimwe na Anayeiuza

Almasi mbili za karati moja moja, yaani gramu 0.2 kila moja, zinaweza kulala kwenye kisanduku kimoja na mnunuzi asione tofauti yoyote, ilhali bei ya moja ni mara kadhaa ya nyingine. Bei hiyo hujengwa juu ya mambo manne: uzito, rangi, usafi wa ndani na ustadi wa mkato. Uzito husomwa kwenye mizani, lakini matatu yaliyobaki yanahitaji jicho lililofunzwa na vifaa ambavyo mteja hana. Kwa hiyo anayenunua pete ya almasi hununua pia neno la mtu fulani kuhusu jiwe lile. Kabla ya kuuliza bei, inafaa aulize neno hilo ni la nani.

Vipimo vinavyotumika karibu dunia nzima vilienezwa na GIA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931. Rangi hupangwa kwa herufi, kuanzia D isiyo na rangi kabisa hadi Z yenye manjano au kahawia hafifu. Usafi una madaraja 11, na dosari hutafutwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Mpimaji wa maabara ya GIA haambiwi jiwe ni la nani, na mawe mengi hutazamwa na zaidi ya mpimaji mmoja. Ripoti haitaji bei, na maabara yenyewe haiuzi almasi, kwa hiyo haipati faida daraja likipanda. Cheti kilichochapishwa na duka hakina kinga hiyo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na daraja moja tu la kuongezwa linatosha kumtoza mteja fedha nyingi bila yeye kujua.

Wapo watakaosema kwamba sonara wa familia anatosha, maana amewahudumia kwa uaminifu tangu enzi za wazazi. Uaminifu wake sina shaka nao. Shaka yangu iko kwenye uwezo wa kifaa chake. Almasi inayotengenezwa maabara ni kaboni ileile yenye mpangilio uleule wa fuwele. Kifaa kidogo cha dukani kinachopima jinsi jiwe linavyopitisha joto hutambua zirkonia, jiwe bandia linalofanana na almasi, lakini hakitofautishi almasi hiyo na ile iliyochimbwa Mwadui au Mbuji-Mayi, na moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, huweza kukihadaa pia. Kuna hata mawe ambayo nyufa zake zimejazwa kioo ili yaonekane safi. Sonara mkweli kabisa anaweza kukuuzia kosa alilouziwa na mwingine.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba maabara nazo huteleza. Ni kweli. Mwaka 2005 GIA yenyewe iliwafukuza wafanyakazi wanne kufuatia uchunguzi wa madai ya rushwa katika upangaji wa madaraja. Mwaka 2014 soko la mtandaoni la RapNet liliacha kuorodhesha ripoti za maabara za EGL kwa sababu ya madaraja yaliyokuzwa. Hata hivyo matukio hayo yanathibitisha kwamba vyeti havilingani, hayathibitishi kwamba havina maana. Jiwe lenye ripoti linaweza kupelekwa kwingine likapimwa upya na majibu yakalinganishwa. Neno la muuzaji lililotamkwa kaunta halina cha kulinganishwa nacho.

Gharama nayo ina uzito wake. Kwa vijiwe vidogo vinavyozunguka pete, ada ya kupima huweza kuzidi manufaa, na hapo si lazima. Kwa jiwe kuu, ada ni sehemu ndogo ya hasara inayozuiwa. Tusiichanganye pia ripoti ya maabara na cheti cha Kimberley, kilichoanza mwaka 2003: hicho huhusu almasi ghafi zinazovuka mipaka, ili zisigharimie vita vya waasi. Hakisemi lolote kuhusu rangi wala usafi wa jiwe lililokwisha kukatwa.

Basi kabla ya kulipa, soma jina la maabara, ingiza namba ya ripoti kwenye tovuti yake, kisha hakikisha vipimo vinalingana. Kama jiwe limechorwa namba kwa leza kwenye ukingo wake, omba uoneshwe kwa lenzi. Muuzaji wa haki hatakasirika, kwa sababu ukaguzi huo unamlinda yeye pia. Akikataa, usilipe.