Filamu ya Kutisha Isiyotisha: Funzo kwa Darasa la Uhakiki

Walimu wengi wa uhakiki tumezoea kuwapa wanafunzi kazi bora ili waeleze ubora wake. Hata hivyo, kazi iliyoshindwa nayo ina faida, kwani inaonyesha waziwazi mahali ambapo fani imelegea. Katika makala haya tunaichambua The Omen ya mwaka 2006, filamu ya Kimarekani iliyoongozwa na John Moore. Hii ni marudio ya filamu yenye jina hilo hilo iliyoongozwa na Richard Donner mwaka 1976. Tutaeleza kwa nini imetukatisha tamaa, kisha tutagusia jambo zito zaidi: lugha tunayoitumia kumzungumzia mtoto.

Kisa kwa ufupi

Robert Thorn ni mwanadiplomasia wa Marekani aliyeko Roma. Mkewe, Katherine, anajifungua, lakini Robert anaambiwa kuwa mtoto amefariki. Padri wa hospitali anamshawishi achukue mtoto mwingine aliyefiwa na mama yake, bila Katherine kujua. Mtoto huyo anaitwa Damien. Baadaye familia inahamia London, ambako Robert anakuwa balozi. Katika sherehe ya siku ya kuzaliwa ya Damien, yaya wake anajinyonga mbele ya wageni. Anakuja yaya mwingine, Bi. Baylock, na vifo vinafuatana. Hatimaye baba hana budi kujiuliza: je, mtoto niliyemlea ni mwana wa shetani? Na kama ndivyo, nimuue?

Swali hilo ndilo moyo wa kisa. Filamu inaponguza swali hilo, haibaki na kitu.

Taharuki na mshtuko

Wanafunzi wengi huchanganya maneno haya mawili. Taharuki ni hali ya kungoja kwa wasiwasi jambo ambalo tunahisi litatokea. Mshtuko ni kugutuka kwa ghafla. Taharuki hujengwa polepole kwa dalili. Kwa mfano, katika kisa hiki picha alizopigwa padri zina alama ya ajabu inayomwelekea mwilini, na baadaye padri huyo anakufa kwa kuchomwa na chuma kirefu kilichoanguka kutoka kanisani. Hicho ni kiangazambele kizuri, na kimo katika filamu zote mbili.

Lakini Moore haridhiki nacho. Anaongeza ndoto ambamo sura za kutisha na mavazi mekundu hutokea ghafla. Mtazamaji anagutuka, anacheka, kisha anasahau. Tena, filamu inaanza kwa kutuonyesha viongozi wa Kanisa wakiyafasiri majanga halisi, yakiwemo mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, kuwa ni dalili za mwisho wa dunia. Hivyo tangu dakika za mwanzo tumeshaambiwa jibu. Shaka imekufa kabla mtoto hajazaliwa.

Mhusika mtoto

Katika filamu ya 1976, Damien, aliyeigizwa na Harvey Stephens, mara nyingi huonekana kama mtoto yeyote yule. Donner alikusudia vifo viweze kuchukuliwa kuwa ajali tu, na kwa sababu hiyo tunamhurumia baba na kumwogopa kwa wakati mmoja. Huenda amepagawa na hofu, si mtoto aliyepagawa na shetani.

Katika filamu ya 2006 mtoto anakodoa macho na kununa karibu kila anapotokea. Lawama si ya mwigizaji mdogo, bali ya uongozaji. Anayetisha hasa ni Mia Farrow katika nafasi ya Bi. Baylock, kwa sababu yeye ni mpole na sauti yake ni ya mlezi. Wanaokumbuka kuwa aliigiza mama mjamzito katika Rosemary's Baby ya mwaka 1968 wataona kinaya kilichomo.

Kwa upande wa msuko, jipya ni kidogo. David Seltzer ndiye anayetajwa kuwa mwandishi wa miswada yote miwili. Hata siku ya kuzinduliwa, tarehe 6 Juni 2006, ilichaguliwa ilingane na namba 666 ambayo Damien anayo kichwani.

Lugha yetu na mtoto

Je, jambo hili linatuhusu nini? Katika ukanda wetu mtoto anayeogopwa si mchezo wa sinema. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kutuhumiwa uchawi. Ibara ya 41 ya Katiba ya nchi hiyo, ya mwaka ule ule wa 2006, inakataza tuhuma hizo, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inazifanya kosa lenye adhabu.

Mwalimu wa Kiswahili ana kazi hapa. Tukiandika "mtoto mchawi", tumeshatoa hukumu. Tukiandika "mtoto anayetuhumiwa uchawi", kauli ya kutendwa inatukumbusha kuwa yuko mtu aliyetuhumu, na tunaweza kuuliza ni nani na kwa nini. Vivyo hivyo "aliyesingiziwa" inasema kuwa tuhuma ni ya uongo, ilhali "anayeshukiwa" inaacha jambo bila kuamuliwa. Tofauti hizi si za sarufi tu.

Tunapendekeza zoezi lifuatalo. Wanafunzi wasimulie tukio moja la filamu mara mbili: kwanza kwa macho ya baba, halafu kwa macho ya Damien asiyejua lolote. Kisha wapige mistari chini ya vitenzi vyote vinavyotoa hukumu, na wajadili ni ushahidi gani msimulizi alikuwa nao. Filamu ya 2006 ilisahau kuuliza swali hilo, na darasa letu lisilisahau.