Mzazi akifungwa ng'ambo ya mpaka, mtoto anabaki na nani?

MFANYABIASHARA akikamatwa mpakani, maswali huwa ni juu ya mzigo, thamani yake na ushuru. Ni nadra kuulizwa ameacha watoto wangapi nyumbani, na wako na nani.

Kesho yake kuna ada ya shule, kuna chakula, na kuna swali linalomshinda jirani: mama anarudi lini? Mara nyingi mtoto huambiwa amesafiri. Busia, Namanga au Mutukula uongo huo unakubalika upesi, kwa kuwa mama husafiri kila wiki. Lakini habari za rumande hazifichiki sokoni. Mtoto huzipata shuleni, kwa kuchekwa.

Hapo ndipo uchoraji na kambi za likizo zinaposaidia.

Mtoto wa miaka sita hana maneno ya kueleza aibu, ila anaweza kuchora nyumba isiyo na mlango, au familia ambayo mmoja wao hana uso. Mlezi mzuri haulizi kosa la baba. Huuliza tu, “Huyu ni nani?” na mazungumzo yakaanza. Tena, mchoro unaweza kuingia gerezani. Asiyejua kuandika barua hutuma picha, na mzazi akapata cha kujibu.

Kambini, mtoto hukutana na wenzake ambao hawahitaji kuelezwa chochote. Nchini Marekani, Project Avary, mradi ulioanza California mwaka 1999, huwapeleka watoto wa wafungwa kambini wakati wa likizo, kisha huendelea nao kwa miaka mingi. Sababu iko wazi: kambi ya wiki moja huisha, kifungo cha mzazi hakiishi nayo.

Karibu zaidi, nchini Uganda, shirika la Wells of Hope lililoanzishwa na Francis Ssuubi husomesha watoto wa wafungwa na kuwapeleka magerezani kuwaona wazazi wao.

Sheria nazo zinawatambua watoto hawa, ingawa kwa sehemu. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 inataka adhabu isiyo ya kifungo ifikiriwe kwanza kwa mama mjamzito au mwenye mtoto mdogo. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Kenya inaruhusu mtoto kukaa gerezani na mama yake hadi miaka 4. Uganda hadi miezi 18. Aliyevuka umri huo hubaki nje, na anahitaji mtu wa kumshika mkono.

Kwa familia ya mfanyabiashara wa mpakani, umbali huongeza uzito. Ili mtoto amwone mzazi aliyefungwa nchi jirani, anahitaji nauli, hati ya kusafiria na mtu mzima wa kumsindikiza.

Yapo yanayowezekana kuandaliwa mapema. Kila mwanachama wa kikundi cha akiba anaweza kuandikisha jina na simu ya mtu atakayechukua watoto akipatwa na jambo. Akikamatwa, aombe ubalozi wa nchi yake uarifiwe. Ni haki iliyomo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963. Na amwambie hakimu waziwazi kwamba ana watoto wanaomtegemea, maana jambo lisilosemwa mahakamani ni vigumu kupimwa.

Kikundi hichohicho kinaweza kununua karatasi na penseli za rangi, na kuwakusanya watoto siku chache za likizo. Lakini kwanza mtoto aambiwe ukweli, kwa maneno ya umri wake: mama yuko gerezani, si kosa lako, na huyu ndiye atakayekutunza mpaka arudi.