Nyaya za Umeme Nyumbani: Ziepushwe na Miguu, Zisitengwe na Macho

Usalama wa raia hauishii barabarani wala mpakani. Huanza ndani ya nyumba, pale ambapo familia hulala. Nyumba nyingi za Muhuta, tangu Gitaza kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika hadi vilimani, zina vyombo vingi vya umeme kuliko zamani: simu, redio, runinga, king'amuzi, pasi, na katika baadhi ya nyumba jokofu la samaki. Kila chombo huja na waya wake. Mwenye nyumba, akitaka sebule yake ipendeze, huziingiza nyaya hizo chini ya mkeka, nyuma ya kabati au chini ya godoro. Macho hutulia, lakini hatari hubaki palepale, na sasa haionekani.

Nchi yetu inaufahamu uchungu wa moto. Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021, moto uliteketeza gereza kuu la Gitega. Siku hiyo serikali ilitangaza vifo vya watu 38, na Wizara ya Mambo ya Ndani ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa hitilafu ya umeme. Nyumba ya mtu si gereza. Hata hivyo, umeme una tabia moja kila mahali. Penye nyaya zilizochoka na zilizosongamana karibu na vitambaa na magodoro, cheche moja yatosha.

Kwa nini waya hupata joto

Umeme wa REGIDESO unaoingia majumbani una volti 220. Unapopita katika waya, waya hupata joto, na joto hilo huongezeka upesi kuliko mzigo: mkondo ukiongezeka mara 2, joto huongezeka mara 4. Waya ulio wazi hulitoa joto hilo hewani. Waya uliofunikwa kwa zulia au nguo hulihifadhi, ngozi yake ya plastiki hulainika, kisha hupasuka, na shaba mbili hugusana.

Kwa hiyo ni lazima kuujua uwezo wa waya wa kurefusha, ule ambao wengi wetu huuita ralonji. Ikiwa umeandikwa ampea 10, zidisha kwa volti 220: utapata wati 2,200. Runinga, king'amuzi na simu chache kwa pamoja kwa kawaida hazifiki hata wati 300. Lakini pasi ya wati 1,000 na birika la wati 2,000 vikichomekwa pamoja, mzigo ni wati 3,000, na waya umeshazidiwa. Pasi, birika na jiko la umeme vichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kimoja kimoja. Ralonji isichomekwe juu ya ralonji nyingine. Aidha, ralonji ndefu isitumiwe kwa mzigo mkubwa ikiwa bado imeviringishwa, kwa maana mizunguko hupashana joto.

Vyombo vinavyovuka mpaka

Sisi wakaaji wa ziwani tunanunua bidhaa za nchi jirani. Vyombo na ralonji zitokazo Kigoma mara nyingi huwa na plagi ya meno matatu bapa, kwa sababu ndiyo itumikayo Tanzania. Soketi za Burundi, kama zile za Uvira ng'ambo ya ziwa, hupokea meno ya mviringo. Hapo ndipo wengine hukata plagi na kuzichomeka shaba tupu kwenye soketi, wakizikaza kwa njiti za kiberiti. Tendo hilo limekatazwa na akili kabla ya kukatazwa na sheria.

Adapta za bei rahisi nazo zina kasoro iliyojificha: nyingi hazina njia ya kupitisha waya wa ardhi. Waya huo, wenye rangi ya kijani na njano, ndio uulindao mwili wako chombo cha chuma kinapoharibika. Bila huo, jokofu bovu laweza kumpiga mtoto anayeligusa akiwa pekupeku juu ya sakafu yenye unyevu. Dawa ni fundi kuibadili plagi na kuweka ya meno ya mviringo yenye nafasi ya waya wa ardhi, na kuhakikisha kwamba soketi yenyewe imeunganishwa na ardhi.

Namna ya kuzipanga

Anza kwa kuzima umeme kwenye mita, kisha chomoa kila kitu. Futa vumbi, kwa kuwa vumbi hushika moto upesi. Kagua kila waya kwa vidole, kuanzia plagi hadi chombo. Uliopasuka, ulioliwa na panya au uliobadilika rangi kuwa kahawia usirudishwe. Kuufunga kwa plasta au mfuko wa plastiki hakuuponyi.

Kila waya uliobaki uandikwe jina lake kwenye kipande cha gundi ya karatasi: runinga, redio, simu. Siku ya dharura, hutapoteza muda kubahatisha. Urefu uliozidi ukunjwe kwa mikunjo mipana na kufungwa kwa utepe wa kitambaa bila kukazwa. Usitumie waya wa chuma kufungia, wala msumari uliopindwa kuushikilia ukutani. Vibano vya plastiki hupatikana dukani kwa bei ndogo.

Kisha ralonji iinuliwe kutoka sakafuni na kufungwa ukutani, mbali na mlango, dirisha na ndoo ya maji. Hili lina uzito wa pekee kwetu, kwa kuwa mvua kubwa ikishuka milimani, maji huweza kuingia ndani kwa dakika chache. Nyaya zipite pembeni mwa ukuta ndani ya mfereji wa plastiki wenye kifuniko, ambao mafundi huuita gulote. Mfereji huo huzificha nyaya zisikwaze miguu wala kuchezewa na watoto, na kifuniko chake hufunguka unapotaka kukagua. Usiujaze hadi usifungike.

Waya usipite chini ya mkeka, chini ya godoro, karibu na chandarua, kwenye bawaba za mlango, wala karibu na madumu ya mawese. Usipite kwenye tundu la bati bila kuwekewa bomba la plastiki, kwani ukingo wa bati hukata kama kisu, na paa zima laweza kushika umeme. Nao waya wa kumvushia jirani umeme juu ya ua si wema. Kuunganisha nyumba ni kazi ya REGIDESO.

Wenye umeme wa jua

Wapo wasemao kwamba betri ya volti 12 haina hatari. Ni kweli kwamba hairushi mtu kama umeme wa gridi, lakini huweza kuunguza nyumba. Taa au chombo cha wati 60 huhitaji ampea 5 kutoka kwenye betri ya volti 12, ilhali kwa volti 220 kingehitaji pungufu ya ampea 1. Ndiyo maana nyaya za betri hutakiwa kuwa nene na fupi. Shaba ikigusa ncha mbili za betri, mkondo mkubwa hupita ghafla na waya huwa mwekundu kama kaa. Weka fyuzi karibu na ncha ya chanya, na betri ikae penye hewa, mbali na kitanda. Mvuvi anayerudi na betri ya taa zake azifunike ncha zake kabla ya kuiweka ndani.

Dalili na dharura

Mara moja kwa mwezi, gusa plagi na ralonji kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni onyo. Moto, harufu ya plastiki au mlio wa kukwaruza ni amri ya kuzima. Usilale huku simu ikichaji chini ya mto.

Moto ukizuka, zima umeme kwenye mita ikiwa njia iko salama. Usimwage maji penye umeme. Tumia mchanga mkavu, nao ufuoni kwetu haukosekani. Moto ukizidi, toa watu kwanza, funga mlango, kisha wajulishe majirani, mkuu wa nyumba kumi na kituo cha polisi. Mtu aliyenaswa na umeme asishikwe kwa mikono: zima umeme, au msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama mahali pakavu.

Kila familia na itenge saa moja Jumapili hii. Inueni mkeka, vuteni kabati, tazameni kilicho nyuma yake. Waya uliopangwa vema hauonekani na mgeni, lakini mwenye nyumba anajua ulipo, unakotoka na unakokwenda.