Wauaji Waimbao: Rekodi za Filamu za Uhalifu na Umaarufu, kwa Jicho la Dodoma

Filamu ya muziki ya mwisho kutwaa Oscar ya filamu bora inahusu wanawake wawili wauaji wanaogombania kurasa za mbele za magazeti. Ni Chicago ya Rob Marshall, iliyotoka mwaka 2002. Iliteuliwa katika vipengele 13, ikaondoka na tuzo 6. Kabla yake filamu za muziki zilikuwa zimekaa miaka 34 bila heshima hiyo, tangu Oliver! ya mwaka 1968, na baada yake haijatokea nyingine. Jukwaani nako rekodi ni yake: onyesho la Chicago lililofufuliwa Broadway Novemba 1996 limedumu kuliko mchezo wowote wa muziki wa Kimarekani uliowahi kuonyeshwa pale.

Chimbuko lake ni kesi za kweli. Mwaka 1924 Maurine Dallas Watkins, mwandishi wa Chicago Tribune, aliripoti kesi za Beulah Annan na Belva Gaertner, kila mmoja akishtakiwa kwa kumpiga risasi mwanamume. Wote wawili waliachiwa huru. Watkins akaandika tamthilia, ikachezwa mwaka 1926, akiishambulia mahakama iliyogeuzwa ukumbi wa burudani na magazeti yaliyouza tiketi. Aliyeuawa nyumbani kwa Annan aliitwa Harry Kalstedt. Watu wanaomjua Roxie Hart, mhusika aliyetokana na Annan, ni mamilioni. Wanaomkumbuka Kalstedt ni wachache mno. Naipenda filamu hii, na hilo ndilo linaloniuma kila nikiitazama: wimbo humfuata mtuhumiwa, marehemu hapati hata ubeti.

Dodoma tunayo siku yetu ya namna hiyo, na haikuwa ya filamu. Tarehe 9 Desemba 2017, sherehe za Uhuru zikifanyika Uwanja wa Jamhuri, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa Nguza Viking, maarufu Babu Seya, na mwanawe Johnson Nguza, yaani Papii Kocha. Baba na mwana hao, wote wanamuziki, walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa kuwabaka watoto wa shule ya msingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia watoto wengine wawili wa Nguza, lakini adhabu ya hao wawili ikabaki palepale. Machi 2018, miezi michache baada ya msamaha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba baadhi ya haki zao za kusikilizwa kwa usawa zilikuwa zimekiukwa. Sijui hukumu nyingine ya wanamuziki iliyozungumzwa nchini kwa muda mrefu kiasi hicho. Majina ya watoto waliotoa ushahidi hayatajwi, na ni haki yasitajwe. Lakini katika mazungumzo yale yote, redioni na vijiweni, nilitamani kusikia mtu akiuliza wale watoto wanaendeleaje.

Kwa Afrika Mashariki, filamu inayoisogelea zaidi Chicago ni Nairobi Half Life ya David Gitonga, ya mwaka 2012. Haina nyimbo za jukwaani, ila kiu ya jina ni ileile. Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu huku akiwaigiza mastaa wake, anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji. Anaibiwa mara tu anapofika, anaingia mahabusu, na huko ndiko anakopata njia ya kujiunga na genge la wezi wa vipuri vya magari. Mchana ni mazoezi ya tamthilia, usiku ni wizi. Ndiyo filamu ya kwanza kabisa Kenya kuipeleka kushindania Oscar ya lugha za kigeni, na Joseph Wairimu aliyemcheza Mwas alitwaa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban.

Jamaika ilikuwa imetangulia kwa miaka 40. The Harder They Come ya Perry Henzell, ya mwaka 1972, inahesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo. Jimmy Cliff anacheza mwimbaji anayedhulumiwa malipo ya wimbo wake, kisha wimbo unavuma wakati mwenyewe anasakwa na polisi.

Ila rekodi ninayoithamini kuliko zote ni ya U-Carmen eKhayelitsha ya Afrika Kusini. Hiyo ni opera ya Bizet, yenye magendo na mauaji yake, imehamishiwa kitongojini Cape Town na kuimbwa Kixhosa mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2005 ilitwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin. Hawakuhitaji Kiingereza kufika huko.

Sasa tazama tulicho nacho huku nyanda za kati. Wagogo huimba kwa sauti nyingi zinazopandana, kila kundi na mkondo wake, bila nota iliyoandikwa. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma, aliupeleka uimbaji huo na ala yake ya ilimba hadi studio za Real World za mwanamuziki Peter Gabriel, na albamu yake Assembly, aliyoitengeneza na Michael Brook, ilitoka mwaka 2002, mwaka uleule wa Chicago. Alifariki Desemba 2003. Bintiye Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa Maisha mwaka 2024, wakiimba mbele mahali ambapo zamani wanawake wa ukoo waliitikia nyuma ya wanaume.

Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo, na ngoma ya muheme hupigwa na wanawake. Katika uimbaji huu kiitikio ni cha kijiji kizima, si cha nyota mmoja. Atakayetengeneza filamu ya muziki ya uhalifu kwa Cigogo atakuwa wa kwanza, na kiitikio hicho kitampa nafasi ya kuwaimbia waliodhulumiwa kabla hajamfikia mshtakiwa.